Ile Ndege ya Mabawa Butu

Kaka Amani,

Bukavu mvua imewaacha mpumue? Huku Durban joto linakubandika shati mgongoni, lakini mimi niko mzima.

Jana nilimpelekea mzee mmoja wa mtaa wa Berea simu yake niliyoitengeneza. Mezani kwake iko ndege ndogo ya kuchonga, mfano wa zile za vita za zamani zenye propela, na ncha za mabawa yake ni butu. Nikamwambia fundi hakuimaliza. Akacheka. Akasema zile za kweli zilikuwa na ncha za mviringo, ila baadhi walizipunguza makusudi, maana bawa fupi huisaidia ndege kujilaza ubavu upesi inapopigana karibu na ardhi.

Nikakumbuka ile uliyomchongea padri kwa kufuata picha ya ndege aliyokuletea. Nilikuambia mbele yake kwamba umeiharibu, nikabandika ncha za mviringo kwa gundi. Padri akaikataa. Hukuchonga ndege tena.

Ile picha ilikuwa pale mezani siku ile, kaka. Sikuiangalia.

Mbusu mama. Na kama patasi bado iko, nichongee moja, butu vilevile. Sitaigusa.

Mdogo wako,
Baraka