Siku Baba Yako Alipokaa Kiti cha Nyuma

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkwe wangu, na huyo mgeni wetu mdogo ambaye nasikia ameshaanza kuvuta masharubu ya baba yake. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na usingizi unaupata, japo wa kuibia. Sisi hatujambo. Cherehani yangu inalalamika lakini inashona, na baba yako anakula vizuri.

Najua umenuna. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa sauti ya chini kama baba yako ana neno na wewe, maana mtoto ameshaota jino na babu yake hajamtia machoni. Mara gari bovu, mara barabara mbaya, mara atakuja mwezi ujao. Nikakujibu kwamba wazee ndivyo walivyo. Leo nina jibu lingine, ila niache nilifikie kwa mwendo wangu, na mwendo wangu siku hizi ni wa mwanafunzi. Mwenzio nimeanza kujifunza udereva.

Usicheke. Wazo lilikuwa la baba yako. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, ambaye hakuniruhusu hata kugusa redio ya gari, aliamka asubuhi moja akaniambia nikajifunze, tena haraka. Nikamuuliza kama ameniona kijana. Akasema atanisindikiza mwenyewe, nikajua tu anakuja kunikosoa.

Mwalimu ni baba mmoja mnene, mpole, ambaye wanafunzi wamembandika jina la Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Mimi nilidhani nikiingia tu tunaondoka. Wapi! Siku na wewe ukienda, ujue utakaa humo garini kama mgeni aliyealikwa kula na chakula hakiji. Kwanza alinifanya nivute kiti mpaka miguu ikafika, kisha vioo, kisha mkanda, kisha akanieleza klachi, breki na mafuta huku injini imezimwa. Akanionyesha kwamba upande wake naye ana breki, nisihofu. Baba yako alikuwa nyuma, mikono magotini.

Nikawasha, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Taratibu akasema kila mwanafunzi gari humzimikia, niiachie klachi polepole. Lakini unaijua miguu yangu. Imekanyaga cherehani maisha yote, kisigino na vidole, kisigino na vidole, basi na mafuta nikayakanyaga hivyo hivyo, gari likawa linakwenda kwa kukohoa. Macho nayo nimeyakaza pale mbele ya boneti kama natazama sindano, na mwalimu ananiomba nitazame mbali. Mara mtu wa baiskeli akakatiza. Badala ya kukanyaga breki, niliinua miguu yote miwili na kuupiga usukani kwa kiganja cha kulia, kama ninavyosimamisha gurudumu la cherehani uzi unapokwama! Honi ikalia, Taratibu akakanyaga breki yake, na yule wa baiskeli akanipungia mkono wa asante, akidhani nimempigia honi kwa adabu. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Nikasubiri baba yako alipuke. Aliuliza tu kulikuwa na nini, nikamwambia baiskeli, akasema sawa.

Baada ya hapo mkono ukakubali. Baba yako, kwa kuusikiliza mlio wa injini tu, alikuwa akiniambia sasa gari linataka gia ya pili, sasa rudi ya kwanza, na hakukosea hata mara moja. Mwalimu akanielekeza turudi nyumbani. Jua lilikuwa linatupiga usoni, lakini nilikata kona ya mtaa wetu mwenyewe na kusimama bila kuzima. Nikangoja sifa zangu. Baba yako akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, tumesimama wapi.

Mwanangu, tulikuwa mbele ya geti letu, lile la kijani alilolipaka rangi kwa mkono wake. Nilidhani ananitania. Nikamtazama kwenye kioo. Macho yalikuwa wazi, yameelekea getini, na hayalioni. Taratibu akazima injini akashuka, akasema anakwenda kukagua matairi.

Hapo ndipo aliponiambia. Daktari wa macho alishamweleza kwamba mishipa ya macho yake inakufa, na dawa inachelewesha tu. Bado anaona, ila kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na kwenye jua kali hata hilo tundu linapotea. Hospitali alikuwa akienda akinidanganya anakwenda kwa makanika. Gari halijawahi kuwa bovu. Aliliacha siku aliposikia mtu akipiga kelele mbele yake na yeye hakumwona. Kwako hakutaka kuja kwa basi akishikwa mkono, ukamkuta anapapasa kizingiti. Nilikasirika, nikamwambia amenifanya mpangaji ndani ya nyumba yangu. Kisha nikalia, naye akalia, tumekaa ndani ya gari la watu. Akasema hakuja kunikosoa. Alitaka anione nikiendesha, hata kisogo tu, wakati bado anaona.

Ameniomba nikwambie mimi, na nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu atakusikia ukilia na hataweza kuvumilia. Basi lia sasa, umalize. Hana neno na wewe, hajawahi kuwa nalo. Usifunge safari na kichanga. Taratibu anasema nikiacha kuupiga usukani makofi nitapata leseni karibuni, na siku hiyo hiyo tunaondoka, mimi kwenye usukani, baba yako kando yangu akinisikilizia gia. Malori yatatupita, na baiskeli pia, lakini tutafika.

Tukifika, usimkimbilie na usimshike mkono. Mwache autafute mlango mwenyewe. Kisha mkalishe dirishani, mgongo kwenye mwanga ili mwanga huo uangukie usoni mwa mtoto, umpakatishe, halafu sisi wote tutoke. Amtazame mpaka atosheke.

Msalimie sana mkwe wangu, na majirani zako wote walioniulizia.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
fundi wa nguo, dereva mwanafunzi.