Baba Kwenye Kipimo cha Masikio

Karatu, Jumatano

Baba Neema,

Hujambo na joto lako la Dodoma? Huku chai inapoa kabla hujaigusa. Hii kadi ya tembo nimeichagua kwa sababu ya masikio.

Jana nilimleta baba kutoka Oldeani kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Nesi alimvalisha hedifoni, akamwelekeza anyooshe mkono kila akisikia mlio. Baba akanyoosha. Akanyoosha tena na tena, kwa adabu zake zote. Mwishowe nesi akamwinamia na kupaza sauti: "Mzee, mashine bado sijaiwasha."

Baba akamjibu, "Nilikuona unanitazama, binti. Nikaona si vizuri kukunyima jibu."

Daktari alichungulia, akakuta nta imegandamana kwenye masikio yote mawili kama tope la barabara yetu. Akayasafisha kwa maji ya uvuguvugu. Baba alisikiliza mvua juu ya bati, halafu akanivuta pembeni. Kumbe siku ile ulipokuja na wajomba zako kuniposa, hakusikia hata neno moja. Alikuona unamtazama, akaitikia kwa kichwa.

Sasa anataka uje useme upya, tena bila kupiga kelele. Vaa lile koti la siku ile, alilipenda.

Neema anakusalimu sana. Nawe usihofu, mume wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, na nilisikia kila neno.

Mama Neema