Dawa ya Chiriku Inavyodeka

Wodi ya Watoto,
Kitanda cha dirishani.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Chiriku wetu kavua barakoa ya oksijeni sasa hivi, akamvisha mwanasesere wake, eti, "Na wewe kohoa, nimechoka peke yangu." Nilicheka, kisha nikageukia ukutani.

Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tupo, ila kifua chake ni kile kile. Natanguliza salamu kabisa, maana hapa mtu huitwa ghafla: nisalimie Bibi, Mjomba fundi cherehani, na wale mapacha watundu. Mungu awafunike. Nami nakupenda, usingoje nikuandikie mwishoni.

Uliuliza kwa nini dawa haifiki. Shangazi, imenichosha! Mwili wa Chiriku ulizaliwa na maelekezo yenye kasoro, na dawa inayapelekea mapafu maelekezo yaliyo sawa. Watengenezaji wengine huyapakia kwenye virusi vilivyoondolewa makali. Haya yake yamefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata jicho halivioni. Na vinadeka kuliko mtoto wa mwisho.

Kiwandani walitengeneza kidogo, ikatoka safi. Walipoongeza, vitone vikashikana madonge, kama uji wa watu wengi. Wakamwaga.

Ya pili ikatoka nzima. Dereva aliyeileta akaona barafu kavu ya kuigandisha inafuka moshi ndani ya kasha, akadhani dawa inaungua, akafungua kifuniko ipate hewa. Dawa ikayeyuka njiani. Nilimfokea mpaka akalia. Maskini, naye alikuwa anamkimbilia mwanangu.

Ya tatu ikafika vizuri. Bahati nzuri walikijaribu kwanza kimashine cha kuigeuza mvuke wa kuvuta, kikavipasua vitone vyote! Baba Chiriku akauliza, "Hii dawa au yai?" Sikucheka.

Na daktari hafichi: makohozi yakizidi kuziba mapafu, hata ikija nzima haitapenya. Kila ikimwagwa, mwanangu ndiye anayepungua.

Leo wameleta kimashine kingine, kipole zaidi, na mfamasia anaipima dawa mpya chumba cha pili. Wakiniambia, "Mama, keti kwanza," nitajua imeharibika tena; ikiwa nzima, Chiriku ataivuta nikiwa nimempakata. Lakini moyo wangu mkaidi, Shangazi. Jana nilimfulia gauni la kurudia nyumbani.

Nesi huyo mlangoni, anaita: "Mama Chiriku, nawa mikono uje umpakate!" Shangazi, hawajawahi kuniambia ninawe mikono, ina maana