Kofia Haikai Juu ya Rasta

Jumatatu, 14 Julai
Umeme umekatika tena. Nimeosha kofia ya vipimo, nimeianika dirishani na nyaya zake. Wauza vitenge wa chini wanauliza kama ni nyavu. Sina hamu ya kucheka. Tunapima sehemu za ubongo zinavyowasiliana kwa mwenye sonona na asiye nayo. Wasio nayo tele, Kariakoo nzima. Wenye sonona hawaji. Mtu kitandani tu hatoki, atafika huku? Na mashine ni ya kuazima, Ijumaa inarudi.

Jumatano, 16 Julai
Kaja mmoja! Mwajuma, muuza mitandio, kaletwa na dada yake. Kichwani rasta mpya, zimekazwa mpaka nyusi zimepanda. Si nilisema kwenye simu aje hajasuka? Dada mtu: "Aende kwa madaktari kichwa timtim? Watu watasemaje?" Jamani! Vidude vya kofia vinataka kugusa ngozi. Nimelazimisha, kompyuta ikachora fujo tupu. Nikasema zifumuliwe. Mwajuma kainuka, kaondoka.
Dokta Rehani, bosi wangu, kanifokea mbele za watu. Utadhani nilimsuka mimi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemfuata Magomeni. Dada yake kanieleza mlangoni: tangu Ramadhani Mwajuma hakutaka mtu amguse kichwa. Juzi ndiyo kakubali, kwa ajili yetu. Kakaa mkekani kutwa, akasukwa, hata chai kanywa. Halafu mimi nikasema zifumuliwe. Nimejiona mjinga.
Nikaingia, nikamwambia Mwajuma abaki na rasta zake, vipimo basi. Kanitazama weee. "Kesho nakuja. Ila utazifumua wewe."

Ijumaa, 18 Julai
Tumefumua asubuhi nzima, mimi na dada yake, Mwajuma katikati. Dokta anapitapita, anatazama saa. Nimemwambia asubiri. Sijui ujasiri niliutoa wapi.
Kofia imekaa. Vipimo safi. Mwajuma kauliza, "Inasema nitapona?" Imeniuma kumwambia mashine haisemi hivyo. Inatuonyesha tofauti kati ya watu wengi, basi. Nimepiga simu kliniki ya jirani, kapangiwa siku ya kwenda.
Mashine imeshachukuliwa. Nywele zake zimejaa jeli ya kofia, kagoma kutoka vile. Nimemwosha, nimemsuka mtindo wa twende kilioni. Mistari imepinda yote. Kajipapasa, kacheka kidogo. "Kweli wewe umesomea ubongo tu."
Anataka Jumatatu nizirudie. Nikamwambia mashine haitakuwepo.
Akasema anajua.