Kibali cha Siku Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Maktaba tena. Siku ya nne sasa. Nimefika saa mbili, mlango umefungwa. Mlinzi ananiambia, "Mwalimu, ngoja kidogo, mtu ya ufunguo amebeleka mtoto hosbitali." Nimekaa kwenye ngazi hadi saa tatu unusu, jua utosini. Likizo yangu hiyo inayoyeyuka. Wenzangu shuleni wamekwenda kwao kulala.

Magazeti makuukuu yaliyojalidiwa. Taarifa za wilaya za miaka ya sitini, nyingine zimeliwa na wadudu hadi katikati. Natafuta jina moja: Abdi Gedi. Hakuna.

Niandike kwa nini najitesa, nisije nikajisahau. Abdi alikuwa mume wa kwanza wa mama yangu, Hooyo. Enzi za vita vya shifta alichukuliwa kwenye msako hapa Garissa, hakurudi. Baadaye watu wawili waliapa mbele ya sheikh kwamba wamemzika porini, mahali hawakuweza kupaonyesha. Hooyo akaozwa mdogo wa marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Huyo mdogo mtu, Mohamed Gedi, ndiye Aabo, baba yangu. Mimi, Halima, ndiye kifungua mimba wao.

Sasa figo za Hooyo zimechoka. Mwezi uliopita, tukitoka hospitali, alisema: nitafutie kaburi la Abdi, nataka nikazuru kabla sijafa. Hivyo tu. Miaka hamsini na sita sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Nilikasirika. Aabo naye ana kaburi, liko hapa hapa mjini. Sijui mara yake ya mwisho kulizuru ilikuwa lini.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimewapata akina Abdi Gedi watatu. Nikatoa jina la babu yake, la baba wa babu, la babu wa babu, vile Aabo alivyonikaririsha nikiwa mdogo hadi mababu kumi na wanane, na kofi nikiruka mmoja. Wa kwanza akaanguka kwenye jina la tatu, wa pili pia. Wa mwisho alifika la nne, akaanguka. Si wetu.

Bwana Noor wa maktaba ana huruma lakini hana mafaili. Anasema karatasi nyingi za wilaya zilipelekwa Nairobi zamani, kwenye hifadhi ya nyaraka. Huko ndiko niende. Magoti yananiuma nikifikiria tu hiyo safari.

Jumamosi, 9 Agosti

Yusuf, kaka yangu mdogo, amekuja kutoka dukani kwake Galbet kunigombeza. Eti nafukua. Eti nikute nini huko, Abdi amekufa, Aabo amekufa, waache walale. Nilimwambia amwambie Hooyo hivyo yeye mwenyewe, chumba chake kile pale. Hakuenda. Alikunywa chai yangu akaondoka.

Hooyo hali vizuri. Vijiko vitatu vya uji, basi.

Jumanne, 12 Agosti

Nairobi. Baridi ya kuudhi. Nimefikia kwa binamu.

Chumba cha kusomea kina sheria nyingi kuliko msikiti. Mkoba unauacha mlangoni. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Miaka thelathini na moja nimesahihisha kwa wino mwekundu, leo nimenyang'anywa kama mtoto wa darasa la pili. Unajaza fomu, unangoja faili liletwe, unafungua utepe, unasoma, unafunga utepe.

Mafaili sita. Waliokufa korokoroni. Waliouawa. Maiti zilizookotwa. Nimesoma majina ya wanaume wa kwetu hadi macho yakaniwasha, wengine hawana hata jina, wameandikwa "mwanamume, mtu mzima". Kila mmoja wa hao ana Hooyo wake mahali fulani aliyemngoja. Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikalia. Nikanawa uso, nikarudi.

Abdi wetu hayumo.

Alhamisi, 14 Agosti

Msimamizi wa chumba, Bi. Wanza, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ameziangalia fomu zangu zote kwa pamoja. Akaniuliza, "Dada, mbona unaomba mafaili ya waliokufa peke yake?"

Nikamwambia kwa sababu alikufa.

"Nani alikwambia?"

Swali la kipuuzi, nilidhani. Kila mtu anajua. Watu wawili waliapa. Nilimjibu kwa ukali, halafu nikaona haya. Hakukasirika. Alisema siku hizo hukuweza kutoka kituo kimoja kwenda kingine bila kibali, na daftari za vibali wanazo, kesho ataniletea. Sina haja nazo. Lakini nimelipa nauli, na basi la kurudi ni keshokutwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwona.

Daftari la vibali. Ukurasa umeraruka pembeni. Abdi Gedi, na jina la babu yake, na la baba wa babu, na la babu wa babu, na la tano. Nilisoma kwa kidole. Nilirudia mara nne. Ni yeye.

Kutoka Ijara kwenda Garissa. Siku saba. Sababu ya safari: kumchukua mke wake. Mwenyeji na mdhamini: Mohamed Gedi, ndugu. Chini yake alama mbili za dole gumba, wino wa zambarau. Ya Abdi. Na ya Aabo.

Safu ya mwisho: amerudi siku ya pili.

Tarehe nimeinakili kwa penseli. Miezi minane baada ya Hooyo kuolewa na Aabo. Miezi mitatu kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo alikuwa hai. Alipewa siku saba akatumia mbili. Alikuja kumchukua mkewe akamkuta na tumbo, na tumbo lenyewe ni mimi. Na Aabo alijua. Baba yangu, aliyekuwa akinikatia miswaki mtoni na kunichongea ncha, alijua mpaka siku anaingia kaburini.

Bi. Wanza aliniletea maji. Alinitolea nakala ya ukurasa. Hakuuliza kitu, Mungu amlipe.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi nyumbani tangu juzi. Hooyo ameuliza mara moja tu: umeona? Nimesema bado natafuta. Nakala iko kabatini chini ya mitihani ya kidato cha tatu.

Mimi ni mwoga. Nikimwambia, namuua Aabo mara ya pili. Nikinyamaza, Hooyo anakufa bila kaburi. Nimemwonyesha Yusuf ile nakala. Ameitazama muda mrefu, akasema, "Choma." Halafu akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu.

Keshokutwa naenda Ijara. Kama aliishi huko, alifia huko.

Jumatano, 20 Agosti

Ijara. Barabara imenivunja mgongo.

Sikuhangaika sana. Wazee watatu walinielekeza kwa mama mmoja, Bi Kadija, mjane, karibu umri wa Hooyo. Nilipotaja jina akashika kifua. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema, binti wa mdogo wake. Ni kweli. Ulimi ulikuwa mzito hata hivyo.

Ameniambia yote kwa utulivu, huku akichambua mchele. Walipomwachia Abdi kutoka korokoroni alikuwa mfupa. Njiani alimwachia koti lake mgonjwa mmoja aliyekuwa akitetemeka. Huyo akafa, fisi wakamfikia kabla ya watu. Waliomzika walilijua koti. Basi hao watu wawili hawakuapa uongo. Waliapa juu ya koti.

Abdi alichunga ng'ombe wa watu hapa miaka yote. Hakuoa. Si kwamba alikosa, alitafutiwa, akakataa. Bi Kadija aliwahi kumuuliza, safari ile ya Garissa, mke alimkuta? Akajibu, nilimkuta salama.

Alikufa kwa homa mwaka wa ule ukame ng'ombe walipokwisha. Kaburi lipo. Mawe yamezungushwa, na miiba ya kuzuia fisi. Bi Kadija huisogeza miiba kila baada ya mvua, mtu asiye ndugu yake. Nimesoma Yaasin. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa kulitaja kosa, kwa sababu langu ni kuzaliwa tu. Nimemwomba hivyo hivyo.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepanga. Nitamwambia Hooyo kaburi, basi. Alitoroka korokoroni, akafika Ijara mgonjwa, akafa wiki hiyo hiyo, akazikwa. Uongo mdogo wenye kaburi la kweli ndani yake. Yusuf ameridhika. Nimeufanyia mazoezi kama hotuba ya mkutano wa wazazi.

Jumapili, 24 Agosti

Yameniharibikia yote.

Nilianza vizuri. Nikamweleza kaburi, mawe, miiba, yule mama anayelitunza. Hooyo alisikiliza akiwa amefumba macho. Akauliza lile kaburi lilichimbwa na akina nani. Nikataja majina niliyopewa na Bi Kadija, bila kufikiri, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Akauliza, huyo mama aliolewa Ijara lini? Nikasema sijui mwaka, ila aliletwa Ijara bibi harusi.

Hooyo hajui kusoma tarehe. Miaka yeye huihesabu kwa mvua na kwa watoto. Akafungua macho. Akasema, mtoto wa kwanza wa huyo mama ana umri gani? Mdogo kwako au mkubwa? Nikasema mdogo. Alimzaa huko huko Ijara? Nikasema ndiyo. Akasema, na huyo mama alikuwepo Abdi alipozikwa, wakati hujazaliwa wewe?

Miaka thelathini na moja nawakamata wanafunzi wakidanganya, leo nimekamatwa na mwanamke asiyejua herufi.

Nikamwambia. Kibali, siku saba, siku mbili. Ukame. Akanikatiza hapo: mwaka ule ulipokwenda bweni? Ndiyo. Akahesabu kwa vidole, taratibu, mtoto mmoja mmoja, mimi hadi Yusuf. Watoto sita. Sote tulishazaliwa, na Abdi alikuwa hai, mwendo wa siku chache kutoka mlangoni kwake.

Akauliza, baba yako alijua?

Nilimpa nakala. Nikamwonyesha dole gumba la kwanza na la pili. La Aabo alilitambua mwenyewe, lina kovu la shoka. Hakulia. Alisema, nilikuwa ndani siku hiyo. Niliambiwa kuna mgeni wa ng'ombe. Nilimpikia.

Akaomba aachwe alale.

Jumanne, 26 Agosti

Hasemi. Anakunywa maji, anaswali ameketi, hasemi. Nimemwomba anipige, anitukane, atukane yeyote. Ananitazama tu, ananipapasa kichwa kama nina homa.

Nimekwenda kwenye kaburi la Aabo. Nilikuwa na maneno mengi. Nilipofika niliona limeota majani, nikayang'oa, nikarudi. Nampenda. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba penzi halikupungua hata kidogo.

Jumatano, 27 Agosti

Leo Hooyo amemwita binti wa Yusuf amwogeshe. Akamtuma sokoni nguo nyeupe, dira, lile gauni pana, na shungi la kichwani. Amevaa. Amekaa eda.

Aliwahi kukaa kwa Abdi, akiwa msichana, kwa ajili ya koti. Alikaa kwa Aabo. Hii ni ya tatu.

Nilimwita sheikh, si kwa ubaya, niliogopa afya yake. Sheikh alimweleza kwa adabu kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa na si siku ya habari, na hii ilikwisha zamani, tena yule mtu kisheria... Hooyo akamwambia, "Ya sheria imekwisha, sheikh. Hii ni yangu." Sheikh akamwombea dua, akaondoka. Yusuf hakuingia ndani. Alisimama uani na viatu mkononi.

Jumapili, 14 Septemba

Shule zimefunguliwa. Nimesahihisha insha arobaini na mbili leo, mbaya zote.

Hooyo hawezi tena safari ya Ijara, daktari amesema wazi. Nimempelekea Bi Kadija kitambaa na mafuta, amekubali kuendelea na miiba. Uji sasa vijiko viwili.

Alasiri alikuja jirani mpya kumjulia hali. Mtu wa Mandera, hatujui sana. Alimkuta Hooyo na nyeupe yake kwenye mkeka, akapigwa na butwaa, akaomba radhi kwamba hakusikia habari ya msiba. Akauliza nani amefariki.

"Mume wangu," Hooyo akasema.

Nilikuwa nachuja chai. Niliendelea kuchuja. Hooyo aliishi na Aabo miaka thelathini na nane, na neno hilo sikumsikia akilitumia juu yake hata siku moja. Alimwita baba Halima.