Matundu Manne ya Bango

Russ,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Paka keshakula, asikudanganye. Nitarudi na mkate saa kumi. Gundi nimeondoka nayo.

Asubuhi nilikununia kwa sababu nilikukuta unaziba matundu ya pini kwenye bango letu la tamasha la 1967, lile la herufi zinazojipinda kama moshi, eti yule mkusanya mabango wa Oakland alikute safi. ~~Muuzie tu.~~ Usimuuzie.

Miaka yote unawasimulia watu ulivyolibandua kwenye nguzo pale mtaa wa Haight, wala humtaji aliyelibandika. Matundu hayo manne niliyatoboa mimi, mzee. Sikuwa hata nimefika nguzo ya pili ulipolibandua, ndipo nikarudi kukugombeza.

Bado sijamaliza.

Mkeo,
Roberta