Karuho ya Mama Sifa

Jumatatu, 3 Juni

Ndagala zimekauka vizuri. Tulikuwa watatu kama kawaida: mimi, Mama Sifa, na Mama Zaina anayeuza mawese pembeni yetu na kufukuza kunguru kwa matusi. Ziwa limekula mchanga mwaka huu. Tunabanana kwenye kipande kilichobaki.

Mama Sifa alikuwa anageuza samaki kwa mkono mmoja. Nikamuuliza. Akanivuta nyuma ya mitumbwi, akafungua blauzi. Ndani ya titi kuna kitu kigumu kama kokwa la mchikichi. Ngozi imejikunja juu yake. Anacho tangu mvua za mwaka jana, anakifunga majani.

Nilimtukana. Kisha nikalia. Kisha nikamtukana tena. Nikasema kesho hospitali. Akasema atafikiri.

Mjinga. Ninampenda kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Jumatano, 5 Juni

Hakwenda. Amemwambia Mama Zaina pia, kwa hiyo leo tulichambua samaki huku tukichambua kansa. Kwanza kila mtu alitoa shida zake. Mama Zaina ana magoti, tena ana mume anayekohoa usiku kucha na kusema ni mke anayemkohoza. Mimi nina Esperansi, mkwe wangu, na maharage yake yasiyoiva.

Halafu kansa. Mama Zaina anasema inatoka kwenye simu tunazoficha ndani ya sidiria. Mimi nikasema ni sasheti, mifuko ya plastiki tunayowashia makaa, moshi ule mweusi. Hapana, akasema Mama Zaina, basi ni mafuta ya kujichubua. Nikamjibu kama ni mafuta, nusu ya kwaya ya Songo ingekuwa haina vifua. Tulicheka vibaya, mgonjwa yuko katikati yetu. Yeye pia alicheka.

Nikataja mama yake, aliyekufa na kidonda mahali palepale. Labda inatembea katika ukoo.

Akaacha kucheka. "Mama yangu walimupa sumu," akasema. "Musiulize ni nini. Muulize ni nani."

Kunguru walikula wapendavyo.

Jumapili, 9 Juni

Binti yake Sifa amempeleka kwa mzee anayetapisha watu karuho. Karuho! Sumu gani hiyo ya polepole, inaingia na chakula tumboni halafu inahamia titini? Lakini hapa kwetu mtu akikonda tu, tayari kuna aliyempa.

Alinyweshwa dawa. Akatapika mpaka damu. Mzee akachokora matapishi kwa kijiti, akatoa unywele na kipande cheusi. Akasema: ni mwanamke wa karibu, mwanamke anayekupikia.

Mwanamke wa karibu anayempikia ni mimi.

Jumanne, 11 Juni

Sifa amerudisha bakuli langu la sombe, majani ya muhogo niliyompikia mama yake. Halikuguswa. Hakulitia mkononi mwangu, aliliweka chini kwenye lango kama anawekea mbwa. Akasema mama yake hatakula tena chakula changu.

Mtoto huyu nilimnyonyesha. Mama yake alilala na homa wiki nzima, mimi nikamweka titi moja na mwanangu titi lingine. Nilimkumbusha. Akasema labda ndipo nilipoanzia.

Ufukweni, Mama Zaina amesogeza bidoni zake za mawese mbali na mimi. Ameangalia ziwa siku nzima, utafikiri analiona mara ya kwanza.

Alhamisi, 20 Juni

Wamemtapisha tena. Nilimwona akitoka kwa yule mzee, amebebwa mgongoni na mpwa wake. Mkono wake unaning'inia kama kitambaa. Titi limeanza kutoa maji.

Nikamfuata Sifa njiani, nikamsihi. Hospitali, nikasema. Akanijibu karuho haipasuliwi na daktari, nami ninajua hivyo, ndiyo maana ninawatuma huko, wapoteze muda afe.

Dawa ile akinywa mara ya tatu atakufa. Si kansa itakayomuua, ni matapishi.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Wanataka mwenye kumpa. Vizuri. Watampata.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda Songo, nyumbani kwa Mama Sifa, mchana, majirani wakiwa wamejaa uani. Mama Sifa alikuwa kwenye mkeka. Sikubisha hodi. Nikasema mbele yao wote:

"Ni minye. Minye nilimupa karuho, mu sombe. Haitoke kwa kutapika, mutamuua bure. Nimeifunga mu titi. Kisu ya daktari tu ndiyo inaweza kuitoa. Mukichelewa, hata minye siwezi kuifungua tena."

Nilifikiri Mama Sifa atacheka. Ananijua huyu. Anajua hata kuku ninashindwa kumchinja.

"Nilikukosea nini, ndugu yangu?" akaniuliza.

Jibu la swali hilo sikuwa nimelitayarisha. Nikasema ni wivu, weye una kila kitu. Mwanamke mwenye sufuria mbili tu. Akaamini. Haraka sana aliamini, na hapo ndipo nilipokufa mimi. Ngumi zilizofuata zilikuwa kazi ndogo.

Nimepoteza jino. Shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa, alinitoa mikononi mwao. Mtu mmoja alikuwa ameshaulizia petroli.

Jumatatu, 24 Juni

Wamepanda gari la Bukavu leo asubuhi. Wamekwenda hospitali kubwa. Nilijificha nyuma ya duka mpaka gari likatoka.

Esperansi amewahamisha wajukuu wangu kwao Rugenge. Wasile kwa koko, yaani kwangu bibi yao, amesema. Mwanangu alibeba magodoro. Hakuniuliza kama ni kweli. Angeuliza ningemwambia.

Nilipika ugali wa watu wengi, mazoea. Uliobaki nikampelekea mbwa wa jirani. Jirani akamfunga mbwa.

Jumamosi, 20 Julai

Mama Zaina amekuja na habari. Alisimama mbali akisema na kunguru, si na mimi. Wamekata titi lote. Daktari anasema walifika wakati bado kuna la kufanya. Kuna dawa nyingine, na atarudi kupimwa mara kwa mara.

Walimuuliza daktari kansa ilitoka wapi. Akasema mara nyingi hatujui, lakini hakuna mtu aliyempa. Mama Sifa akamcheka. Daktari anajua nini, akasema, na aliyenipa mwenyewe alikiri mbele ya watu?

Mama Zaina hakuondoka mara moja. Alikuwa ananingoja niseme kitu. Nilitaka kusema, Mungu anajua. Lakini nikikana leo, siku kovu likimuuma watamrudisha kwa yule mzee. Nikaokota samaki walioanguka.

Jumanne, 3 Septemba

Ninaanika peke yangu, upande wa mawe. Wanaonunua kwangu ni wapita njia wasionijua.

Leo Mama Sifa amepita barabarani na binti yake. Kitenge kipya. Upande mmoja wa kifua umelala, wala hakuuficha. Mashavu yamerudi. Aliponiona akavuka barabara, akanitemea mate.

Yalifika mbali. Mtu dhaifu hatemi hivyo.

Nimegeuza ndagala.